Kiti Yenye Sikuuzisha

Prof alikuwa muoga. Nasema mi mwenyewe, mbele ya mutu mwingine asiseme, juu mi niko na ruhusa. Nilimubebea chakula, nilimushika mukono, nilitukana watu kwa ajili yake mpaka sauti ikapotea. We mwenye hukumujua ukisema neno hilo, tutaachana vibaya. Kuna mwanafunzi moja alilisema mbele yangu, nikamurushia kifuniko ya termos, na yule kijana alikuwa anavaa miwani.

Aliogopa imbwa. Aliogopa mikrofoni. Aliogopa ziwa yetu, eti chini yake kuna hewa mbaya imelala, siku moja itaamuka. Mulima ya moto ya ng'ambo tunaogopa wote, lakini sisi tunaogopa siku yenye inatapika. Yeye aliogopa kila asubuhi. Alikuwa anatoka inje, anaangalia kama moshi iko vile ilikuwa jana, njo anaenda kunawa uso. Mulango yake ilikuwa na kufuli ine. Akiisha kuzifunga anazivuta, anaenda mpaka kwa kona, anarudi, anazivuta tena. Watoto wa Majengo, pale kwetu, walikuwa wanamulalamikia, "Prof, imefunga! Tumeona!" Na yeye, na heshima yake yote, "Asanteni wanangu. Ngoja nihakikishe."

Lakini yenye aliogopa kupita yote ni barrière, ile mupaka ya Rwanda na Congo. Hapa Gisenyi watu wanapita Petite Barrière kwenda Goma kama mutu anatoka kwa chumba anaingia salon. Mi napita na karoti za Mahoko na bidoni ya maziwa, narudi, napita tena. Prof hakupita hata mara moja tangu nimujue. Na dada yake mukubwa, mutu wake pekee kwenye dunia hii, alikuwa anaikala Birere, hapo hapo nyuma ya barrière. Ukipanda kwa paa ya nyumba ya Prof, ulikuwa unaona mabati ya mutaa ya dada yake. Karibu hivyo. Na yeye hakuweza kwenda.

Hayo njo yenye nataka kuongea. Lakini ukianza na barrière utaona tu muoga. Anza na darasa.

Siku ya juma, ile Jumamosi ya Watanzania, chuo moja ya hapa mujini inasomesha watu wenye wanafanya kazi: walimu wa primaire, watu wa banki, infirmières wa hospitali, makuhani wawili watatu. Mi nilikuwa naikala chini ya dirisha ya mwaka wa kwanza na termos yangu na karai ya mandazi kwa moto. Masomo yangu iliishia secondaire katikati, mambo ya nyumbani, tuache. Course ya Prof ilikuwa utangulizi wa makoloni ya kwanza ya Waingereza. Alikuwa anaianza kwa kizungu, juu chuo inataka hivyo, lakini akiona macho ya watu imekuwa kama ya samaki ya jana, anaingia Swahili. Na Swahili yake ilikuwa ile ya Tanzania, imepigwa pasi.

"Walikuwa ukingoni mwa mto uliojaa samaki," nikasikia siku moja, "na walikufa njaa."

Mandazi ikaungua macho yangu ikiwa wazi.

Alikuwa anaongea juu ya Waingereza wa kwanza wenye walienda Virginia, Amerika. Walijijengea ukuta ya miti, pembe tatu, wakaingia ndani. Wenyeji wako inje, wamekasirika, wanawangojea. Chakula ikaisha. Wakakula farasi. Wakakula imbwa, wakakula panya, wakachemusha ngozi ya viatu. Na mto iko pale. Na mi sijui kunyamaza, haiko kwa damu yetu, nikasimama nikaweka kichwa kwa dirisha.

"Na kwa nini hawakutoka kuvua?"

Darasa ikacheka yote. Mukubwa wao, chef de promotion, mutu wa banki na ndevu yake ya kuchanua, akageuka. "Prof, tunasoma ama tunaongea na muuzaji wa mandazi?"

"We nyamaza," nikamuambia. "Mandazi yangu ingali inaning'inia kwa ndevu yako."

Prof hakuwa mutu wa kukaribia dirisha. Alikuwa anasomesha akiwa ameegemea ukuta, uso kwa mulango, kila siku, ili aone nani anaingia. Siku ile alikuya mpaka kwa dirisha. Aliniangalia. Miwani yake ilikuwa kubwa kuliko uso.

"Waliogopa, binti."

"Kuogopa nini?"

"Watu ambao nao walikuwa wanawaogopa wao." Akafikiri kidogo. "Ingia. Swali lako ni la mtihani."

Njo vile niliingia. Sina carte ya mwanafunzi, sina matricule, ile numero ya chuo, hakuna mutu alinipa points. Nilikuwa naingia na termos, naikala nyuma. Akanikopesha kitabu yenye ilikosa ngozi, kurasa za mbele zote zilikatika, hata sijui nani aliiandika. Nilikuwa naisoma kwa foleni ya barrière, karoti kwa kichwa, dictionnaire kwa telefone, neno moja na moja. Mutu akinisukuma wakati natafuta neno, tunapigana.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wote wanajua mutego wake, lakini wanaijua wakiisha kunaswa, na wale wa mwaka wenye ulipita hawasemi kwa wenye wanafuata, wanataka nao wanaswe. Siku ya kwanza Prof anakuya na karatasi kubwa, ameandika na mukono kwa kizungu ya zamani, maandishi imelala kama majani ya mvua. Anaisoma mbio mbio. Halafu anasema, "Nani atatufasiria?" Na anachagua mukubwa wao, juu yeye njo anajidai kujua kizungu.

Mwaka wangu wa pili pale, mukubwa alikuwa ule ule wa ndevu. Alirudi mwaka wa kwanza, course ilimushinda, na ile mwaka mwingine Prof aliugua, karatasi haikutoka. Akasimama, akakohoa. Niliona hakushika hata neno moja. Lakini atasema aje, mbele ya infirmières?

"Anasema… karibuni sana," akasema. "Tuwe marafiki. Tusaidiane."

"Vizuri," Prof akasema. "Mkikubali, wekeni kidole gumba hapa. Kila anayeweka anapata pipi."

Watu wazima, wababa wa watoto, wakapanga mustari juu ya bombo! Wakachovya kidole kwa wino, wakacheka, wakakula bombo. Karatasi ikafika kwangu.

"Mi siweke kidole kwa kitu yenye sijui."

"Ni urafiki tu," mukubwa akasema. "Weka, sha, unatuchelewesha."

"Urafiki ya kidole sijawahi kuiona. Na bombo nitaenda kujinunulia."

Prof akakunja karatasi taratibu.

Siku ya juma yenye ilifuata, tukakuta viti vyote vimepangwa kwa koridori, kimoja juu ya kingine, vimefungwa na kamba. Ndani ya darasa hakuna kitu, sakafu tupu. Kiti moja tu ya plastiki ilikuwa nyuma, pale pangu.

"Viti ni vyangu," Prof akasema. "Mliniuzia wiki iliyopita, kwa pipi. Mfasiri wenu ni shahidi. Binti wa chai peke yake ndiye hakuuza."

Kelele yenye ilitoka! Mutu wa banki na costume yake kwa sakafu. Mama moja wa primaire akasema ataenda kwa mukubwa wa chuo, na akaenda kweli, mukubwa akakuya, akasoma karatasi, akacheka mpaka akashika mulango, akawaambia, "Mulikubali." Semestre yote walisoma wakiwa chini. Mi kwa kiti yangu, nyuma, nawaangalia kwa juu kama malkia wa Uingereza. Na Prof naye aliikala kwa sakafu. Nikamuuliza juu ya nini, we njo uko na viti vyote. Akasema, "Aliyenunua hivyo hawezi kuketi kwa raha. Atageuka geuka kuangalia kama mwenyewe anarudi."

Kila course yake ilikuwa inarudi hapo, kwa woga. Wengine wanasomesha wafalme, meli, pamba, sukari. Yeye alikuwa anasema, "Usiniambie ni mfalme gani. Niambie walisikia nini nje ya ukuta." Alikuwa anasema, "Hakuna ukuta uliojengwa na mtu aliyelala vizuri." Alikuwa anasema, "Mwoga asiye na kitu hujificha. Mwoga mwenye bunduki huandika mkataba." Mwanafunzi moja alimuuliza kwa nini tunasoma Waingereza, hapa walituanzaka Wajerumani, wakafuata Wabelgiji. Akamujibu, "Nyumba ya jirani ikiungua, wewe husomi moshi?" Na mutihani yake ilikuwa na maswali mawili, kila mwaka yale yale: ukiwa ndani ya ukuta, unaogopa nini? Ukiwa nje ya ukuta, unaogopa nini? Watu walikuwa wanajaza majina ya wagavana mpaka wino inakauka, wanapata zero.

Siku moja nikamuambia vile iko. Tulikuwa kwa mulango yake, anavuta kufuli ya tatu.

"Prof, we ni Muingereza wa Virginia."

Alicheka mpaka akatosha miwani akapanguza macho. "Ndiyo maana nawajua," akasema. Halafu akavuta ya ine.

Na mi pia hakuniacha. Kuna siku nilikuwa nimetoka kupigana na askari wa soko, nahema, natukana, na Prof akaniambia polepole, "Wewe unapiga kelele kwa sababu unaogopa. Mimi nanyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Sisi ni ndugu." Nilimukasirikia sana. Sikupita kwake, sikumusalimia, nikauzisha chai kwa mulango ingine ya chuo. Kisha nikarudi, juu ilikuwa kweli, na mutu mwenye anakuambia kweli bila kukucheka ni muchache.

Sasa dada yake.

Kwa Goma wanaita mukubwa wa kuzaliwa yaya, na mi nilimuita Yaya tangu siku ya kwanza. Mama munene, anacheka na mwili yote, anauzisha ugali ya fufu na sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yake ya mbao, kwa yale mawe nyeusi ya mulima. Zamani, alikuwa anakuya yeye mwenyewe kumuona Prof kila siku ya tano, na sufuria imefungwa kwa kitenge. Halafu kiuno ikamukataa. Hatembei mbali tena. Njo nikakuwa mi mwenye kubeba: sombe inakuya huku, majani ya chai na dawa ya kiuno inaenda kule. Na maneno. "Muambie akule." Na Prof: "Mwambie asibebe maji." Na Yaya tena: "Muambie aache kuangalia ule mulima, hauko wake."

Niliuliza Prof kwa nini haendi. Nilingojea hadithi kubwa: alifungwa, alipigwa, aliona kitu. Hapa kila mutu iko na kitu aliona.

"Sina hadithi," akasema. "Watu wanataka niwe nayo, ili wanisamehe. Mwingine ana kisukari, mimi nina woga. Nikifika pale kwenye mti wa barrière, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Basi."

"Na Yaya?"

Akachukua sufuria ya sombe, akaishika kwa kifua ingali moto.

Kisha, ile semestre ya sakafu haijaisha, ikakuya siku zile za vita ya Goma.

Sitasema nani alipiga nani. Mi si redio. Nasema tu yenye tulisikia hapa: mabati yetu ilikuwa inatetemeka na hakuna mvua. Kombe zilikuwa zinalia kwa meza peke yake. Mama yangu aliweka godoro kwa koridori. Telefone ya Goma ikakufa, unapiga, sauti ya mwanamuke inakujibu kwa Kifaransa, unapiga tena. Barrière ikafungwa. Nilienda kwa Prof nikamukuta ameikala kwa sakafu katikati ya kuta mbili, kufuli zote zimefungwa kwa ndani, na ile sufuria ya Yaya kwa magoti, tupu, imeoshwa. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Yuko hai?" akaniuliza.

"Nitajuaje, Prof?"

"Sema tu."

"Iko hai."

"Asante."

Barrière ilipofunguliwa nilikuwa mbele kabisa ya foleni, na sikukuwa na karoti hata moja. Birere ilikuwa kimya. We unajua Birere? Birere haijuagi kunyamaza. Milango imefungwa, imbwa peke yake kwa barabara. Nilitembea nikishika ukuta. Nikafika, nikapiga mulango, nikaita, na kwa ndani nikasikia:

"Usivunje mulango, haiko ya baba yako!"

Nililia. Nilimukuta ameikala kwa kitanda anachambua maharagi, kana kwamba hakuna kitu.

"Yaya, tuende. Sasa hivi. Nitakubeba kwa mugongo."

"Nani amekutuma?"

"Prof."

"Prof iko wapi?"

"Nyumbani. Unajua vile iko."

Akaendelea na maharagi yake. "Mi si mufuko ya karoti, utanipitisha na kichwa. Muambie akuje kunichukua yeye mwenyewe."

"Yaya! Utakufa hapa!"

"Usinipigie kelele, mi si askari wa soko." Halafu akaniangalia, na hakucheka. "Sikia. Nikienda na we leo, ataikala ndani ya zile kufuli mpaka kufa. Atajua kila kitu inaweza kumuletewa kwa mulango. Niko na kitu moja tu yenye inaweza kumutosha inje, na ni mi. Muambie namungojea."

Nilikasirika njia yote. Nilimutukana kwa roho, mubibi na kichwa ya jiwe, anacheza kamari na pumuzi yake! Na nikafika kwa Prof nikamuambia neno kwa neno. Akavaa koti.

Mara ya kwanza tulifika mpaka kwa maji, pale kila mutu ananawa mikono, juu ya magonjwa, mbele ya kupita. Prof akaweka mikono. Akanawa. Akanawa tena. Alinawa kama daktari mwenye anaenda kupasua mutu, na watu nyuma wanaanza kunung'unika, na maji inaenda. Akageuka, akarudi mujini, mikono ingali inatona maji. Mama moja wa nyanya akacheka. Yenye nilimuambia yule mama haiwezi kuandikwa.

Nikapita peke yangu kumuambia Yaya.

"Amefika wapi?" akauliza.

"Kwa maji."

"Kwa maji!" Akapiga makofi, maharagi ikaanguka. "Mutoto wa mama! Zamani hakufikaga hata kwa barabara ya barrière."

"Yaya, watu wanapiga bunduki."

"Nasikia. Kiuno njo imekufa, masikio ingali."

Usiku ule mabati ikaanza tena. Asubuhi ilikuwa siku ya juma, na watu kwa soko wakasema barrière itafungwa saa yoyote, na ikifungwa sasa hakuna mwenye anajua. Nilikimbia mpaka chuo. Wanafunzi walikuwa pale, wote kwa sakafu, na Prof katikati yao, anachora na chaki ule ukuta ya pembe tatu. Kwa mbali kitu ikapiga, puu, vioo ikalia.

"Prof, wanataka kufunga."

Alisimama. Chaki ilikuwa kwa suruali yake yote. Aliangalia ule ukuta yenye alichora, halafu akaangalia nyuma ya darasa.

"Binti, kiti chako ni chepesi?"

"Ni plastiki."

"Dada hawezi kutembea. Niazime."

"Chukua, Prof."

Mutu wa banki akasimama naye. Nilifikiri atasema ujinga wake, nikajitayarisha. Akasema, "Prof, sisi tutakungojea hapa. Hapa hapa chini."

Prof aliweka kiti kwa kichwa, miguu juu, kama sisi wenye kubeba. Akashika ncha ya kitenge yangu. Akafunga macho. Na tukaenda hivyo, mi mbele, na yeye nyuma anasomesha. Naapa. Anasomesha kwa sauti, kama darasa iko nyuma yake: "Walijenga ukuta wa pembe tatu. Mto ulikuwa karibu. Mto ulikuwa na samaki." Watu wanatuangalia, eti yampayinka, Mungu wangu, huyu muzee ana nini. Tukafika kwa maji. Akanawa. Nikahesabu roho yangu inapiga. Akanawa tena. Kitenge ikavutika, nikajua anageuka, na sikugeuka kumuangalia. Nilisema tu, "Prof, na kwa nini hawakutoka kuvua?"

Kitenge ikalegea. Tukaendelea.

"Muzee, uko sawa?" muofisa wa upande wetu akamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Siko sawa hata kidogo. Piga muhuri."

Wa ng'ambo akaangalia kiti. "Hii ni marchandise, ya kuuzisha?"

"Ni ya kuikalia," nikasema. "Kwenu watu hawaikalagi?" Akatupitisha, labda juu ya huruma, labda juu alikuwa anaogopa naye, alikuwa anaangalia nyuma yake kila saa.

Yaya alikuwa kwa mulango. Alimuangalia kaka yake kutoka viatu mpaka kiti kwa kichwa.

"Umekuya."

"Nimekuja, dada."

"Umekonda."

Na Prof akashuka chini, pale pale kwa mawe, kiti ikaanguka, na akakataa kusimama. "Siwezi kurudi," akasema. "Dada, nilikuwa na nguvu ya kuja tu. Ya kurudi sina." Puu, tena, karibu kuliko ile ya asubuhi. Nilifungua kinywa nimukemee, nimutukane asimame, na hakuna kitu ilitoka. Mi! Sauti yangu ilikuwa imeenda kabisa. Nilikuwa nimesimama pale natetemeka kama kuku ya mvua, na nikaelewa Prof alisema kweli, kwamba kelele yangu na kimya yake ni kitu moja.

"Bon," Yaya akasema.

Akaita kijana wa jirani mwenye iko na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo. Wakafunga kiti kwa juu na kamba za mpira. Yaya akapanda, fimbo kwa magoti, kitenge mupya kwa kichwa, akaikala kama mutu anaenda kupokea wageni wa serikali. Akageuka kwa Prof.

"Simama. Shika kiti kwa nyuma. Funga macho yako, mi nitaangalia."

Akasimama.

Na njia yote Yaya alikuwa anamusomea barabara. "Sasa tunapita kwa fundi wa nguo, amefunga. Sasa kuna shimo, nyanyua muguu. Sasa kuna imbwa, lakini imelala. Sasa kuna askari." Mikono ya Prof ikakaza. "Anakula mandazi, muache. Sasa watu wengi. Sasa mutoto anakucheka, mucheke naye." Na Prof, macho imefunga, akacheka.

Kwa barrière yetu muofisa ule ule akatuona. Akaangalia mama kwa chukudu, akaangalia muzee amejishika nyuma kama mutoto.

"Sasa nani anamusindikiza mwenzake?"

"Mi njo namurudisha," Yaya akasema. "Lakini ujue vizuri, yeye njo alikuya kunichukua."

Prof akafungua macho. Akaenda kwa maji, akanawa mikono mara moja tu.

Wanafunzi walikuwa wangali kwa sakafu.

Sasa hawaikali tena Majengo. Prof aliacha kusomesha, wamepanga nyumba Kanama, juu ya Mahoko, kwa mashamba ya viazi, pale huoni mupaka. Nilipita juzi, siku ya soko. Yaya alikuwa mbele ya nyumba kwa kiti yangu, ile ile, anachambua maharagi. Prof kwa sakafu ya baraza. Kufuli kwa mulango nilihesabu na jicho: ingali ine.

"Nimekuya kuchukua kiti yangu," nikasema.

"Niliazima tu," Prof akasema. "Lakini dada ameshazoea kukikalia. Tena ameanza kulima pembeni yake."

"Prof! Njo vile makoloni inaanzaga!"

Walicheka wote wawili, mi pia, mpaka mabati ikapiga kwa juu, puu. Mikono ya Yaya ilisimama ndani ya maharagi. Ikapiga tena, kwa mbali, upande ya ziwa.

"Ni mvua," Yaya akasema, lakini hakuangalia mutu.

Prof akasimama, akavaa viatu.

"Ngoja nihakikishe," akasema, akashuka baraza, akaenda upande ya ziwa.